Maswali ya Wasomaji: Daktari Bingwa wa Upasuaji Anapohamishiwa Wodini Wakati wa Janga

Makala yetu kuhusu maandalizi ya hospitali dhidi ya majanga ya magonjwa ya njia ya hewa imeleta barua nyingi, na nyingi kati yake zinazungumzia jambo moja: upasuaji wa kupangwa ukisimamishwa, mabingwa wa upasuaji wakapelekwa kuhudumia wodi zilizofurika, kazi hiyo ifanyweje bila kuwaumiza wagonjwa? Tumejibu zile zinazoeleza shida halisi. Madaktari na wauguzi wanaosoma wakumbuke kwamba dozi zilizotajwa hapa ni za watu wazima, na mwongozo wa hospitali yao ndio wenye kauli ya mwisho.

Mimi ni mkuu wa idara ya upasuaji. Nimeagizwa niandae mpango wa kuwahamishia wodini madaktari bingwa wangu endapo janga litatokea tena. Nianzie wapi? Na je, mafunzo ya siku mbili yanatosha?

Anza na wale ambao hawataondoka. Janga likiwepo, watu bado wanavunjika mifupa, matumbo yanajisokota, wajawazito wanahitaji kupasuliwa usiku wa manane, na saratani nyingine haziwezi kungoja miezi mitatu. Panga kwanza zamu za dharura za saa 24, kisha weka mtu wa akiba kwa kila zamu, kwa sababu wahudumu nao wataugua. Waliobaki ndio wa kuhamishwa. Wakuu wengi hufanya kinyume: wiki ya kwanza hutoa watu wote kwa moyo mweupe, wiki ya tatu hakuna wa kumfungua mgonjwa mwenye kidole tumbo kilichopasuka.

Kisha pima ujuzi, usipime cheo. Muulize kila mmoja mara ya mwisho alifanya kazi lini wodi ya magonjwa ya ndani au ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), kama anaweza kuweka mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingoni kwa kutumia ultrasaundi, kama amewahi kushika mashine ya kupumulia, na kama ana ujauzito au maradhi yanayomweka hatarini. Utagundua jambo ambalo ni gumu kulisema mbele ya watu: daktari aliyemaliza mafunzo ya vitendo miaka miwili iliyopita anaijua kazi ya wodi kuliko profesa wake. Liandike hilo kwenye mpango mapema. Bingwa aliyehamishwa afanye kazi chini ya daktari wa magonjwa ya ndani hata kama kwa umri na cheo ni mkubwa kwake. Jambo hili likiachwa lieleweke lenyewe, halieleweki.

Mfano mzuri wa muundo ulitolewa mwaka 2020 na chama cha wataalamu wa ICU cha Marekani. Daktari mmoja wa ICU husimamia timu 4, kila timu ikiongozwa na daktari asiye wa ICU na kuhudumia wagonjwa 24, yaani wagonjwa 96 chini ya jicho moja la kitaalamu. Kinachoubeba muundo huo ni yule wa juu kubaki huru bila wagonjwa wake mwenyewe, ili aweze kuzunguka. Akipewa naye kitanda cha kuhudumia, muundo mzima huanguka.

Siku mbili zinatosha kwa mwanzo zikitumika vizuri. Asubuhi ya kwanza iwe ya vifaa vya kujikinga na oksijeni, kwa mikono, si kwa slaidi. Mchana uwe wa dawa tano au sita zitakazoandikwa kila siku na jedwali la vipimo la wodi. Siku ya pili yote awe kivuli cha daktari wa wodi kwa zamu kamili, akishuhudia makabidhiano ya kuingia na ya kutoka. Na kabla hajaanza, hakikisha ana nywila ya mfumo wa kumbukumbu, ruhusa ya kuandika dawa wodini hapo, namba ya simu ya msimamizi wake, na anajua toroli la dharura liliko. Haya yanaonekana madogo. Ndiyo yanayopoteza saa ya kwanza ya mgonjwa anayezidiwa.

Mimi ni bingwa wa mifupa. Miaka mingi sijamtibu mgonjwa wa mapafu. Nikipelekwa wodini kesho, ni mambo gani yasiyosubiri ambayo lazima niyajue?

La kwanza ni oksijeni, na hapo kaa muda mrefu kuliko kwingine. Mipira ya puani hutoa lita 1 hadi 6 kwa dakika, barakoa ya kawaida lita 5 hadi 10, na barakoa yenye mfuko wa akiba lita 10 hadi 15. Barakoa ya mfuko ukiifungulia lita 6, mfuko hunywea na mgonjwa hurudia kuvuta hewa aliyoitoa. Jaza mfuko kwanza, ndipo uivalishe. Kwa wagonjwa wengi wa UVIKO-19 lengo lilikuwa asilimia 92 hadi 96 kwenye kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambaye mwili wake hulimbikiza kabonidayoksaidi, lengo ni 88 hadi 92. Kumpa huyu oksijeni nyingi kuliko anavyohitaji kunaweza kumlaza usingizi asiamke.

Usikiamini kipimo cha kidoleni bila kufikiri. Kidole cha baridi na rangi ya kucha hukidanganya. Zaidi ya hapo, utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo kilisoma vizuri huku damu ikiwa na upungufu wa oksijeni mara karibu tatu kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo hesabu pumzi mwenyewe, kwa dakika nzima, ukimtazama kifua bila kumwambia. Pumzi 25 au zaidi ni dalili nzito hata kama mgonjwa anazungumza na kutabasamu. Wagonjwa wa UVIKO-19 walizoea kufanya hivyo hivyo: wanaongea na simu, oksijeni iko 80.

Kama wodi inatumia alama za NEWS2, yaani mfumo wa kujumlisha alama za pumzi, presha na vipimo vingine ili kumtambua anayezidiwa, jumla ya 5 inadai daktari aje haraka na 7 ni dharura. Lakini mfumo huo una tundu moja unalopaswa kulijua. Mgonjwa aliye kwenye oksijeni hupewa alama 2 tu, awe anatumia lita 2 au lita 15. Anaweza kupanda kutoka 2 hadi 15 katika usiku mmoja na alama zake zisibadilike. Andika kiasi cha oksijeni kila unapoandika alama, na kiasi hicho kikipanda, mwite msimamizi wako bila kungoja jumla.

La pili ni maji. Mkono wa mpasuaji umezoea kuona presha iliyoshuka ukafikiria damu inayovuja au mwili uliokauka, na jibu lake ni lita moja ya dripu, kisha nyingine. Kwenye pafu lililovimba maji hayo huvuja ndani ya vifuko vya hewa na mgonjwa huzama. Toa mililita 250, rudi baada ya dakika 15, msikilize kifua, pima tena presha na pumzi, ndipo uamue. Ukiona umefika mililita 500 na presha haijapanda, tatizo huenda si ukavu, piga simu. Kati ya makosa yote ya mabingwa waliohamishwa, hili ndilo tunaloliogopa zaidi, kwa sababu linafanywa kwa kujiamini.

La tatu ni dawa. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, ya miligramu 6 mara moja kwa siku, isizidi siku 10, ilithibitishwa Juni 2020 na jaribio la RECOVERY la Uingereza. Ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa walio kwenye mashine za kupumulia na kwa moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida, kwa hiyo usimwandikie kila aliyeingia mlangoni. Na kirusi kingine kikija, usidhani kanuni hiyo inahama pamoja nacho, uliza.

Deksamethasoni hupandisha sukari, hata kwa asiyekuwa na kisukari. Dozi ikitolewa asubuhi sukari hufika kileleni alasiri na jioni, ndiyo maana anayepima asubuhi pekee huona kila kitu kiko sawa. Pima mara nne kwa siku. Metformini, dawa ya kisukari, isimame kwa mgonjwa aliyezidiwa au ambaye figo zimeanguka. Dapagliflozini na ndugu zake, nazo za kisukari, zisimame pia, maana huweza kuleta tindikali hatari kwenye damu huku sukari ikionekana ya kawaida, na hilo humpotosha kabisa asiyelijua.

Kinga ya damu kuganda unaijua vizuri, pengine kuliko mwenyeji wa wodi: enoksaparini miligramu 40 kwa siku kwa wengi, dozi ndogo kama figo ni dhaifu sana, isitolewe kwa anayevuja damu. Usiikawize kwa mazoea ya kuogopa jeraha kuvuja. Hapa hakuna jeraha.

Halafu pitia dawa za nyumbani, moja moja. Wodi ya upasuaji huziandika "aendelee" na kusonga mbele. Kwa mgonjwa huyu, dawa ya presha inayokubalika nyumbani inaweza kumwangusha, na dawa ya kifafa iliyosahauliwa kwa siku mbili itajitangaza yenyewe.

Muuguzi kiongozi: Tuliletewa bingwa wa upasuaji. Ni mtu mwema, lakini anatoa maagizo kwa mdomo akiwa anatembea, na anamaliza raundi ya wagonjwa 20 kwa nusu saa. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mwambie kabla ya raundi, wala si mbele ya mgonjwa: "Daktari, hapa kila agizo tunaliandika kabla hatujaondoka kitandani, nami nitakusomea ulichosema." Mpasuaji anakuelewa haraka ukimwonyesha utaratibu, kwa kuwa kule kwake hesabu ya vitambaa na vifaa husomwa kwa sauti kabla ya kufunga tumbo. Mwombe jambo lile lile hapa.

Kasi yake ina sababu. Raundi ya upasuaji hutazama jeraha, mrija, kinyesi, na uamuzi wa kurudi chumba cha upasuaji au la. Mengi yamekwisha amuliwa. Mgonjwa wa magonjwa ya ndani hubadilika polepole, na mabadiliko yake yamo kwenye jedwali. Mpe jedwali mkononi kabla hajafika kitandani. Muulize swali moja kwa kila mgonjwa: "Akizidiwa usiku, tumpeleke ICU au tubaki naye hapa?" Swali hilo humlazimisha asimame, na likijibiwa mchana huwaokoa wa zamu ya usiku. Akisema hajui, hilo ni jibu zuri. Mpigieni msimamizi pamoja.

Kwa nini bingwa aliyevaa gauni la upasuaji kwa miaka 20 afundishwe tena kuvaa?

Anafundishwa kuvua. Utaratibu wa chumba cha upasuaji umejengwa kumlinda mgonjwa dhidi ya vijidudu vya daktari, kwa hiyo uangalifu wote uko mwanzoni: kunawa, kuvaa, kutogusa. Mwisho wa upasuaji watu huvua kwa kurarua wakielekea mlangoni. Kwenye wodi ya janga hatari iko upande wa nje wa gauni, na dakika ya kuvua ndiyo dakika ya kuambukizwa. Vua glavu na gauni bila kugusa upande wa nje, safisha mikono, vua miwani au ngao ya uso kwa kushika nyuma, toka nje ya chumba, na barakoa iwe ya mwisho kabisa, kwa kamba zake. Safisha mikono tena. Awepo mtu wa kukutazama na kukusomea hatua, hasa mwishoni mwa zamu unapokuwa umechoka.

Jambo jingine: barakoa ya upasuaji si N95 wala FFP3, yaani barakoa zinazochuja hewa na kuziba uso. Hizi zinahitaji kupimwa zinavyokaa usoni, na ndevu huzifanya zisizibe. Bingwa mwenye ndevu achague mapema.

Niko mwaka wa tatu wa masomo ya upasuaji. Nimepangiwa timu ya kuwalaza wagonjwa kifudifudi ICU. Je, hiyo ni kazi ya kubeba tu?

Ni tiba, na ushahidi wake ni mzito kuliko wa dawa nyingi. Jaribio la PROSEVA la Ufaransa, lililochapishwa 2013, liliwalaza kifudifudi kwa angalau saa 16 mfululizo wagonjwa wa mashine wenye mapafu yaliyoharibika vibaya. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 16, dhidi ya karibu asilimia 33 kwa waliobaki chali. Wapasuaji, hasa wa mifupa na wa uti wa mgongo, wanafaa sana hapa kwa sababu kumgeuza mtu aliyelazwa usingizi bila kumvunja ni kazi yao ya kila wiki.

Mnahitaji watu watano kwa uchache, saba kwa mgonjwa mzito. Daktari wa usingizi au wa ICU anakaa kichwani, anashika mrija wa hewa, na ndiye peke yake anayehesabu. Wengine hawaongei. Kabla ya kugeuza, simamisha chakula cha mrija na nyonya kilichomo tumboni, paka macho mafuta yake na yafungwe, soma na uandike mrija wa hewa uko sentimita ngapi kwenye meno, ondoa nyaya zisizo za lazima. Mirija iliyo juu ya kiuno ielekezwe kichwani, ya chini ielekezwe miguuni. Mpe oksijeni asilimia 100. Msogezeni pembeni mwa kitanda mbali na mashine, mlazeni ubavu akiielekea mashine, simameni mhakikishe mirija yote, kisha mmalizie. Mito iwe chini ya kifua na nyonga ili tumbo libaki huru. Kichwa kielekee upande mmoja, mkono wa upande huo uinuliwe bila kuzidi nyuzi 90 begani, mwingine ushuke kando ya mwili. Badilisheni kichwa na mikono kila saa 2 hadi 4. Inueni upande wa kichwa wa kitanda mzima kama nyuzi 30.

Yanayoharibika ni haya. Mrija wa hewa kuchomoka au kuzama pafu moja, ndiyo maana ile namba ya kwenye meno husomwa tena mara baada ya kugeuza. Vidonda vya mgandamizo kwenye paji la uso, kidevu na masikio. Mishipa ya fahamu ya bega kuvutika, na mgonjwa akapona UVIKO-19 akabaki na mkono usioinuka. Jicho kubanwa na mto. Ukiwa mpasuaji wa mifupa, bega ni lako. Mtu mwingine huenda asilione.

Ukiwa na muda baada ya kugeuza, mikono yako ina kazi nyingine inayowapunguzia wenyeji mzigo mkubwa: kuweka mirija ya mishipa mikubwa, na mirija ya kifua pale hewa inapoingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mgonjwa wa mashine ambaye oksijeni yake imeporomoka ghafla na upande mmoja wa kifua hausogei anaweza kukuhitaji wewe kuliko mtu yeyote ndani ya chumba hicho. Kutoboa koo ili kuweka njia ya hewa kunawahusu zaidi mabingwa wa masikio, pua na koo, na wakati wake huamuliwa na ICU. Mashine husimamishwa kabla tu ya koromeo kufunguliwa ili hewa yenye virusi isiwarushie waliosimama.

Baba yangu alitibiwa na daktari wa mifupa alipolazwa kwa nimonia. Je, hilo ni haki?

Ni haki iwapo juu yake yupo daktari wa magonjwa ya ndani au wa ICU anayempitia baba yako kila siku. Uliza jina la huyo msimamizi na saa ya raundi yake. Hospitali inayoendesha mpango huu vizuri itakujibu papo hapo.

Kumtoa mtaalamu chumba cha upasuaji na kumpeleka wodini kumewahi kuokoa watu wengi. Agosti 1952, polio ilipoikumba Copenhagen, wagonjwa 27 kati ya 31 waliopooza misuli ya kupumua au ya kumeza walikufa katika wiki tatu za mwanzo. Hospitali ya Blegdam ikamwita Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi. Akatumia wodini aliyoyajua kutoka thieta, yaani chumba cha upasuaji: tundu kooni, mrija, na mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubana mifuko hiyo usiku na mchana, na vifo vikashuka sana. Wanafunzi hao nao hawakuwa mabingwa wa mapafu. Walipewa kazi moja iliyoelezwa vizuri, na mtu wa kumwita.

Nani anabeba lawama za kisheria nikikosea nje ya fani yangu?

Sheria za nchi hutofautiana, kwa hiyo usikubali jibu la mdomo. Dai barua inayotaja wodi, kazi utakazofanya, kazi usizoruhusiwa, jina la msimamizi, na kwamba bima ya hospitali inakuhusu ukiwa huko. Muda wa mwisho uandikwe pia. Machi 2020 mabaraza ya Uingereza yanayosimamia taaluma za afya yalitangaza kwamba yangezingatia mazingira ya janga endapo mhudumu angelalamikiwa. Hilo linasaidia, lakini halikufuti wajibu wako wa kusema "sijui" na kupiga simu. Andika kwenye faili saa uliyopiga, uliyeongea naye na alichosema.

Nimekaa wodini miezi minne. Wananiambia Jumatatu nirudi kupasua, na orodha imejaa. Kuna la kuzingatia?

Usianze na upasuaji mgumu zaidi kwa kuwa tu ndio uliongoja zaidi. Wiki ya kwanza panga kazi mbili fupi kwa siku, uwe na mwenzako ndani, na timu nzima ipitie vifaa kabla ya mgonjwa kuingia, maana wauguzi wa thieta nao walikuwa kwingine. Omba siku kadhaa za mapumziko kati ya zamu yako ya mwisho ya wodi na kisu cha kwanza. Orodha ni ndefu kila mahali: kundi la watafiti la COVIDSurg lilikadiria Mei 2020 kwamba katika wiki 12 za kilele, upasuaji wa kupangwa milioni 28 duniani ungeahirishwa au kufutwa. Deni la namna hiyo haliishi kwa kukesha.

Iangalie orodha upya, usiifuate kwa tarehe. Mgonjwa aliyekuwa na ngiri isiyo na shida mwezi wa kwanza huenda sasa imebana. Uvimbe uliokuwa wa kutolewa huenda umekua. Wapigiwe simu wote, wapangwe kwa hali ya leo.

Na kila mmoja aulizwe kama ameugua katika kipindi hicho. Kundi lilo hilo liliripoti mwaka 2020 kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne waliopasuliwa wakiwa na maambukizi ya UVIKO-19 alifariki ndani ya siku 30. Utafiti wao uliofuata, wa 2021, ulionyesha hatari ikirudi chini kwa wengi upasuaji ukifanyika angalau wiki 7 baada ya maambukizi. Anayeendelea kubanwa pumzi baada ya wiki hizo asubiri zaidi kama ugonjwa wake unaruhusu. Tarehe ya kuugua iandikwe juu ya fomu ya upasuaji, mahali daktari wa usingizi atakapoiona kabla ya mgonjwa kuingia chumbani.